Doa la Upande wa Kushoto

Usiku huu nimeandika tangazo la kuuza gauni langu la harusi, nikalifuta, nikaliandika tena. Kinachonisumbua ni doa. Lipo upande wa kushoto, chini kidogo ya goti, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Siku ya harusi halikuwepo, naapa. Dobi ndiye aliyenieleza: kinywaji cheupe chenye sukari kikimwagikia hariri hukauka bila alama, kisha sukari ile hugeuka kahawia polepole huko kabatini. Na dawa ya kusafishia nguo bila maji haiyeyushi sukari. Kinachoiyeyusha ni maji, na maji na hariri hawapatani. Kwa hiyo gauni lilirudi likinukia usafi huku doa likiwa limejificha ndani yake.

Kwenye picha halionekani. Nikiligeuza gauni kidogo tu kuelekea kulia, hakuna atakayejua.

Gauni lenyewe nami nililinunua mtumba, mtandaoni. Ni la mbunifu Vera Wang, yule aliyefungua duka lake la maharusi New York mwaka 1990, na jipya nisingeliweza hata kwa kukopa. Nilihangaika miezi mitatu. Mwanzoni nilikuwa natazama picha tu na kutamani. Baadaye macho yakazoea, nikaanza kuwatambua wale wanaochukua picha za mbunifu mwenyewe, mwanamitindo yuleyule, dirisha lilelile, wakadai gauni lipo kabatini kwao. Ukimwomba mtu wa hivyo picha ya lebo ya ndani, au picha ya gauni likiwa kitandani pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo, ananyamaza. Kimya hicho kimeniokolea fedha mara mbili.

Namba ya saizi nayo isikudanganye. Magauni ya harusi mara nyingi huwa na vipimo vidogo kuliko nguo za kila siku za namba ileile. Isitoshe, namba hiyo ni ya siku gauni lilipotoka kiwandani. Tangu hapo fundi ameshaingia na mkasi wake. Cha kuuliza ni gauni lilivyo sasa: kifua, kiuno, nyonga, na kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Mimi niliuliza vyote isipokuwa hicho cha mwisho.

"Dada, hili limeshakatwa," fundi aliniambia, akilipindua pindo mbele ya taa. "Kiuno walikipunguza tu, kitambaa kimebaki ndani ya mshono, hapo nitakuachia. Lakini huku chini hakuna kitu."

Sentimita 4 zilikuwa zimekwenda. Nilivaa viatu visivyo na kisigino na bado vidole vilichungulia. Katika picha zote nimesimama kama mtu anayevuka dimbwi. Muuzaji alikuwa ameandika "limerekebishwa kidogo". Neno hilo "kidogo" lilinikaa kooni wiki nzima, ingawa huenda kwake, akiwa mfupi, ilikuwa kidogo kweli. Na nisimnyime haki yake: ndani ya boksi alitia kifuko cha shanga za akiba pamoja na ile lesi iliyokatwa, imekunjwa vizuri. Fundi aliitumia kupanulia makwapa. Bila lesi ile nisingepumua siku hiyo.

(Nilikuwa nikijifariji kwa habari za Beatrice, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 2020 aliolewa akiwa amevaa gauni la bibi yake, kazi ya mbunifu Norman Hartnell, la miaka ya 1960, na mafundi wakaliongezea mikono. Hata huko ikulu, sindano haikosi kazi.)

Basi, baada ya kulifuta mara ya tatu, tangazo limesomeka hivi: "Kiuno kimeachiwa. Makwapa yamepanuliwa kwa lesi ya gauni hilihili. Pindo lilikatwa kabla yangu, haliwezi kushushwa. Doa la kahawia upande wa kushoto, tazama picha ya 7." Picha ya 7 nimeipigia karibu kabisa, na kidole changu kando ili ukubwa uonekane. Nikashusha bei. Iliniuma, sitasema uongo.

Kabla sijazima taa ujumbe ukaingia. Juu ya doa, mteja hakusema neno. Alitaka urefu. Nikachukua tepu, nikapima mara mbili, nikamtumia. Kumbe ni mfupi kuliko mimi, tena sana. "Itabidi nilikate, dada. Si vibaya?" akauliza, kana kwamba ananiomba ruhusa.

Nimemjibu akate tu, ila lesi asiitupe.