Hapo Katikati Hapana Kitu

"Kwa miguu mpaka Kigomasha? Yakhe, bodaboda zimejaa pale stendi!"

Shemeji alilitua bakuli la muhogo akanitazama kama niliyemwambia nataka kurudi Unguja kwa ngalawa. Nikamweleza kuwa njia ile, kutoka Konde mpaka ncha ya kaskazini ya Pemba, nimeshaipita mara tatu kwa gari na sikumbuki chochote ila vumbi na mgongo wa dereva. Safari hii nina siku nzima, sina wa kunikimbiza. Akafikiri kidogo. "Haya. Msitu utauona, na bahari utaiona. Lakini hapo katikati, msitu ukishakwisha, hapana kitu. Vichaka tu."

Nikatoka Konde saa mbili asubuhi. Ilikuwa Septemba, na Pemba wakati huo huhitaji kalenda, pua inatosha. Kila uwanja ulikuwa na majamvi ya karafuu: zilizoanikwa asubuhi ile bado zina ukijani na wekundu, za siku zilizotangulia zimeshakuwa kahawia. Watoto walikuwa wakifukuza kuku wasizipekue. Kwenye baraza moja kina mama walikuwa wakichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, mikono inakwenda bila ya kutazamwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wendapi na jua hili?"

"Natembea tu."

"Watembea tu?" Baraza zima likacheka. "Msimu wa karafuu, mtu mzima na mikono yake miwili, atembea tu!" Lakini akanipa ndizi nne za kula njiani, akaniombea salama.

Mikarafuu hunifuata mpaka karibu na mlango wa msitu wa Ngezi, na hilo lina kisa chake. Mwaka 1872 kimbunga kiliivunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Kila shamba jipya lilikuwa ni msitu kabla. Ngezi, zile hekta kama 1,400, ndiyo baki ya chakula kilicholiwa.

Langoni nililipa kiingilio nikapewa kijana wa kuniongoza. Hatua chache tu ndani, jua likazimika. Ubaridi wake ni ule wa kuingia msikitini adhuhuri, na bila ya kujijua nikateremsha sauti. Mivule imesimama na mashina ambayo watu watatu hawayakumbatii. Kijana akanionesha mpapindi, wa jamii ya minazi, mnene wa mkono, umepandana pete pete kama muwa. Mti huu kwa asili hauoti popote duniani ila Pemba, na jamaa zake wengi wako Bukini, yaani Madagaska. Si ajabu ukikumbuka kuwa baina ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina kirefu sana. Unguja ilishawahi kuungana na bara. Pemba imekaa peke yake muda mrefu, na aliye peke yake huota tabia zake.

Ndivyo na popo wake, wale wakubwa wenye manyoya mekundu shingoni. Kijana alinambia babu yake aliwala sana. "Mchuzi wake mtamu, wanasema. Mimi sijaonja." Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno, watu wa vijijini walipoanza kuwalinda, wakarudi, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Sisi siku ile hatukumwona hata mmoja. Tulisikia ninga tu, juu huko, wanagombania matunda.

Kisha, bila ya kuagwa na msitu, nikajikuta nje.

Siwezi kusema ulikwisha wapi. Miti ilianza kuwa mifupi, ikafika kimo cha mtu, mbingu ikarudi yote kwa mara moja. Chini palikuwa na mchanga mweupe, mkavu, na juu yake vichaka vya majani madogo membamba kama sindano, vimesongamana mpaka upeo wa macho. Ndiyo hapo pasipo kitu. Nilimuuliza kijana jina la mmea ule, akakuna kichwa: wataalamu huuita Erica mafiensis. Mafia! Kama kwamba Pemba haikuulizwa.

Nikaugusa, nikaukumbuka. Ndugu zake niliwaona Kilimanjaro, kule juu ambako watu hutembea na makoti na midomo imepasuka kwa baridi. Huyu ameshuka akaketi kando ya bahari kwenye joto la Pemba. Kijana alisema ni mchanga huu: mvua imeuosha mpaka haukubakiwa na rutuba, mvule hauwezi kuishi hapa, lakini huyu anaweza.

Nilikaa chini nikamenya ndizi za bibi. Upepo ukipita kwenye vile vijani huleta mlio mwembamba, na chini ya mlio ule palikuwa na mwingine, mzito, wa mbali, usiokatika. Nilidhani ni gari. Kijana akacheka, akaelekeza mkono mashariki: "Vumawimbi hiyo." Miaka yote nimelitaja jina la pwani ile, wala sikuwahi kujiuliza aliyelitoa alikuwa amesimama wapi. Pwani yenyewe haionekani kutoka pale. Husikika tu.

Ndizi zilikwisha, nikaendelea kukaa.

Yaliyobaki nayasema kwa ufupi. Kijana alinirejesha barabarani tukaagana, nami kwa ujuaji wangu nikafuata njia ya ng'ombe, ikaniingiza katikati ya muhogo wa mtu, mbwa akanitoa. Kijijini Makangale nikanywa maji ya dafu mawili mfululizo. Kwenye Ras Kigomasha upo mnara wa taa, wa chuma, uliojengwa na Waingereza mwaka 1900. Nikaupanda magoti yakitetemeka. Kutoka juu niliutafuta uwanda wangu wa vichaka. Nikadhani nimeuona, kipande cha rangi ya chai, ningeweza kukifunika kwa kiganja.

Kurudi nilipakiwa na gari la ng'ombe lililobeba makuti, kisha bodaboda. Shemeji alikuwa barazani, jamvi mbele yake. Nikavua viatu nikavikung'uta. Mchanga ukamiminika, mweupe kama chumvi. Binti yake mdogo akauchota kidoleni.

"Wa pwani huu, mjomba?"

"Hapana. Wa hapo katikati."

Shemeji aliutazama mchanga, akanitazama mimi, akalisogeza jamvi hadi kwenye miguu yangu. "Haya, kaa. Kutembea tu kumekwisha. Chambua."