Kunuka na Kunukia

"Mama, humu ndani kuna panya kafa."

Jumapili, saa nane mchana, hapa Tabata. Ni yule wa pili huyo, asiyesamehe harufu. Ameshasogeza makochi, ameshachungulia nyuma ya friji, na sasa kasimama na ufagio kama askari wa zamu. Mimi nakata vitunguu, nikajikuta nacheka peke yangu. Nikamshika mkono hadi kibarazani, nikamwonyesha kopo la tatu kutoka mwisho.

Akaziba pua. "Na hili ulilinunua kwa hela?"

Sikulinunua. Kipande chake kilitoka Pangani mwaka juzi, kwa Mamdogo. Cha Mamdogo kilitoka Tanga, kwa Bibi, Ngamiani. Na cha kwa Bibi nilikipeleka mimi mwenyewe, nikiwa darasa la tano, kwa kubadilishana na kalamu mbili za wino.

Uani kwa Bibi hapakuwa na mmea wa kutazamwa tu. Asumini ilitambaa ukutani, mrehani ulikaa kando ya pipa la maji, mlangilangi uliwamwagia kivuli wanaokwenda chooni, na mkilua mmoja ulipata matunzo ambayo sisi wajukuu hatukuyapata. Jioni wasichana wa mtaani walikuja kuomba maua ya vikuba. Kwa Bibi ua lilikuwa na kazi moja: linukie, au ling'olewe.

Halafu nikaja na hicho kidude. Urefu wa kidole, pembe nne, hakina jani hata moja, na ukikipapasa ni laini kama sikio la mbuzi. Mwenzangu wa darasani, ambaye baba yake alitunza bustani kwenye nyumba moja ya Raskazone, aliniapia kwamba kitatoa ua kama sahani ya wali. Cha kwanza kilioza. Nilikinywesha asubuhi na jioni, na huruma hiyo ndiyo iliyokiua. Cha pili nilikiacha siku tatu kidonda kikauke, nikakichomeka kwenye kopo la maziwa lenye mchanga wa mto na kokoto, kisha nikakisahau. Kikashika.

"Hilo dude lako linanukia?" Bibi aliuliza.

"Litanukia, Bibi."

"Haya, mke mwenzangu. Tutaona."

Nilikosea herufi moja tu.

Ilikuwa Shaabani, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani ya 1996, wakati ule ambao kila mwenye posa hukimbizana na mwezi. Wazee wanne walikuwa waje baada ya alasiri kumposa Mamdogo. Mposaji sikumjua. Nilisikia ana duka la vipuri vya baiskeli, mkewe amefariki, na ni mtu wa heshima zake. Mamdogo alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alipoulizwa alijibu, "Mnavyoona nyie," akaendelea kuchambua mchele.

Kopo langu lilikuwa kichochoroni, chini ya dirisha la sebule, kwa kuwa hapo jua la asubuhi lilifika. Tumba lilikuwa limevimba wiki nzima, limekuwa kama mfuko wa karatasi uliopulizwa, na sikumwambia mtu. Mchana ule narudi madrasa nikakuta limepasuka.

Nikachuchumaa. Ncha tano kama nyota, pana kuliko kiganja changu mara mbili. Rangi ya samli iliyoganda, na juu yake vimistari vyekundu vya giza, vyembamba, vimepishana pishana kama mikunjo ya shingo ya mzee. Pembeni vinyweleo, ambavyo upepo ukipita vinatikisika, basi utadhani kitu kinapumua. Lilikuwa ni ua zuri kupita yote niliyopata kuyaona. Nikainama ninuse, kama nilivyofunzwa kulifanyia kila ua katika nyumba ile.

Yarabi.

Mzoga. Mzoga wa siku tatu, juani. Nzi wa kijani walishafika kabla yangu, wanatembea juu yake bila haraka, kama watu walioalikwa.

Ndani nako harufu ilishafika. Nilisikia vitanda vinaburuzwa, masufuria yanashushwa, Bibi anaamrisha mkeka ufunuliwe. Jirani aliyekuja kusaidia visheti akasema kwa sauti ambayo hakudhani imetoka nje: "Mwee! Nyie mmetegewa." Udi ukaongezwa. Sijui kama mmewahi kunusa udi juu ya mzoga. Afadhali mzoga peke yake.

Nilitakiwa niseme. Ilikuwa ni kuingia tu na kusema, Bibi, ni ua langu, naliondoa. Lakini nilijua likishaonekana litang'olewa pamoja na kopo lake, na nilikuwa nimelingoja mwaka na zaidi. Nikabaki nimechuchumaa.

Mara dirisha likafunguka kidogo juu ya kichwa changu.

Alikuwa Mamdogo, chetezo mkononi, kikuba kifuani, wanja umemkaa vizuri. Akanitazama. Akalitazama ua. Nzi mmoja akaruka akazunguka karibu na uso wake, hakumfukuza. Nilisikia makaa yakilia kwenye chetezo. Nikafungua mdomo, sijui nilitaka kuomba msamaha au kuomba anifichie, lakini yeye hakuwa ananitazama tena mimi. Aliliangalia lile ua jinsi mtu anavyosoma barua.

"Joto leo," akasema.

Akazisukuma mbao zote mbili mpaka zikagonga ukuta, akazitia ndoano zisijirudi, akaondoka.

Wazee walikuja. Kahawa haikufika kikombe cha pili. Mmoja alizungumza muda wote mkono wa kanzu ukiwa mdomoni, kama mwenye mafua. Waliaga kwa heshima kabla ya magharibi, wakasema watarudi kusikiliza jibu. Hawakurudi. Baada ya Idi tukasikia yule bwana kaoa Muheza.

Usiku ule Bibi alinifuata kichochoroni na tochi; pua yake hatimaye ilikuwa imemfikisha. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia. Akamulika katikati ya ua, akakaa kimya muda mrefu. Palikuwa na vijitu vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vimepangwa vizuri. Nzi alikuwa ametaga. Leo najua ndivyo mmea wenyewe unavyoishi: hujifanya mzoga ili nzi waje, wabebe chavua, na mtoto wa nzi akianguliwa hapo hakuti nyama, anakufa njaa. Bibi hakuhitaji kitabu.

"Masikini, kadanganywa," akasema. "Kazalia pasipo na chakula." Kisha, akinigeukia: "Na wewe ulijua?"

Nikasema sikujua. Akazima tochi. Kopo lilihamia uani, mwisho kabisa, nyuma ya choo, lakini halikung'olewa, na huo ndio mmea pekee unaonuka uliowahi kuruhusiwa kwake.

Mamdogo aliolewa miaka mitatu baadaye, Pangani, na mtu wa majahazi, na ana watoto wanne. Alipohama aliomba vitu viwili vya nyumba ile: kinu kidogo cha Bibi, na kipande cha dude langu. Sikumuuliza kwa nini. Miaka inapita, na kila mwaka swali linazidi kuwa la kipuuzi. Labda kweli ilikuwa joto. Nanyi mnaijua Tanga wakati wa kaskazi.

Juzi Jumapili, binti yangu alipokwisha kulala, nilimpigia.

"Mamdogo, limechanua."

"Ehee? Linanuka?"

"Nyumba nzima."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama huko Dar kuna joto.