Ruta ilikuwa inakata intaneti kila jioni, kumbe ni chaja

Hapa Mikindani ruta yangu ilikata intaneti kila jioni, hasa watoto wote wakiwa wameshika simu. Nikasingizia mawingu, nikasingizia bahari. Nikaizima na kuiwasha mara zisizo na idadi, nikafuta mipangilio yote (nenosiri nikalisahau, hiyo hadithi nyingine), nikaihamishia dirishani. Wapi!

Juzi shemeji akaniuliza, "Ikikata, taa zinakuwaje?" Sikuwahi kutazama. Tukaivizia. Kumbe haizimiki taa ya intaneti peke yake. Zinazimika zote kwa mpigo, kisha zinawaka upya. Ingekuwa ni mtandao tu, taa ya umeme ingebaki inawaka. Hii ilikuwa inajizima yenyewe.

Nikaigeuza. Kibandiko cha chini kinasema 12V 1A. Chaja iliyoko ukutani: 12V 0.5A, ya kifaa kingine. Zilibadilishana siku tulipopaka rangi sebule. Volti ni zilezile, pini inaingia bila shida, ila ampea, yaani kiasi cha umeme chaja inachoweza kutoa, ni nusu. Watumiaji wakiongezeka, umeme hautoshi.

Nikanunua ya 12V 1A Mtwara mjini. Ampea zikizidi haina neno, volti ndizo lazima zilingane. Leo siku ya tisa, haijakata.