Shabu, mwiko na mlinganyo wa 1916

Masika yakikolea, maji ya boza huku kwetu Kimara yanakuja na rangi ya chai ya maziwa. Mama mwenye nyumba anatia shabu iliyosagwa ili tope lishuke chini, anakoroga kwa nguvu kidogo isambae, kisha anapeleka mwiko taratibu mno. Mtoto akishika mwiko kwa fujo anafokewa: "We! Utayavuruga!"

Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu, na hapo kwenye ndoo naona mlinganyo wa Marian Smoluchowski, mwanafizikia wa Poland, unaoeleza jinsi chembe zinavyokutana na kushikamana kuwa mabonge. Aliutoa 1916, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Ninachompendea ni kwamba hakuhangaika na chembe moja moja. Alihesabu tu: mabonge ya chembe mbili ni mangapi, ya tatu mangapi, na kuendelea. Bonge la chembe tano linazaliwa la 2 likikutana na la 3, au la 4 na la 1; linatoweka likinaswa na jingine.

Kazi iko kwenye kasi ya kukutana. Tuseme ni ileile kwa mabonge yote, na idadi ya mabonge imefika nusu baada ya dakika 10. Baada ya 20 itakuwa theluthi, siyo robo. Robo ni dakika ya 30. Wanafunzi wanabisha sana hapa, vichwa vyao viko kwenye mionzi ya fizikia, ambako kinachobaki hupungua nusu kila baada ya muda uleule. Lakini atomu ya mionzi inaoza peke yake. Bonge linahitaji mwenzake, na wenzake wanazidi kuadimika.

Kwenye ndoo, shabu inapunguza chaji hasi inayofanya chembe za udongo zisukumane. Mwiko nao unazikutanisha: mabonge mawili yakiwa na kipenyo mara mbili, yanakutana mara nane zaidi. Ndiyo maana mambo huanza polepole, halafu ghafla unaona manyoya meupe yanashuka.

Sasa kuvunjika. Wanafizikia wa Ujerumani Becker na Döring, 1935, kwenye mlinganyo wao waliruhusu bonge kupata au kupoteza chembe moja tu kwa wakati. Kwa matone ya mvuke inafaa, kwa mwiko haitoshi, maana mwiko unapasua vipande. Kuungana na kupasuka vikilingana, ukubwa unatulia; ukizidisha kasi ya mwiko, ukubwa unashuka.

Tatizo ni kwamba mabonge ya shabu yakishapasuka, kwa kawaida hayarudii ukubwa wake wote hata ukipunguza mwendo. Mlinganyo wenyewe haukumbuki nani alishawahi kupasuka. Lazima uuongezee kitu, na hapo ndipo mimi na vijana wa kidato cha sita tunapokesha.