Chandimu ya kwenye simu

Jana jioni nimemwambia kijana wangu wa miaka 15, "Toka nje basi ukacheze." Akaniangalia kama nimemtuma akachote maji Ruvu. "Baba, si nacheza hapa?" Kweli alikuwa anacheza, simu mkononi, anamfokea mwenzake ampe pasi. Huyo mwenzake yuko nyumba ya tatu tu!

Sisi umri huo, Temeke, ilikuwa chandimu. Mpira wa makaratasi na mifuko ya nailoni, umezungushiwa kamba ya katani. Ukilowa unakuwa jiwe, piga kichwa uone. Televisheni huku Bara imeanza 1994, na mtaani kwetu ilikuwa nyumba moja. Tulijazana dirishani mpaka mama mwenye nyumba avute pazia. Baadaye kikaja kibanda umiza cha kuonyeshea video: benchi la mbao, joto, shilingi hamsini mlangoni. Nimewahi kula fimbo kwa chenji ya mafuta ya taa iliyoishia mle.

Halafu nikakumbuka uwanja wetu siku hizi ni fremu za maduka. Angetoka, angechezea wapi? Nikakaa pembeni yake, nikaomba zamu. Nimepigwa sita bila.