Siku mbili za kuhesabu sekunde: tulivyoshiriki mbio za magari za kipupwe kwa mara ya kwanza

Mjomba wangu aliendesha malori ya korosho kwenda Bandari ya Mtwara kwa zaidi ya miaka 20, nami nafundisha hisabati katika shule ya sekondari, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kushiriki mbio za magari hadi Julai iliyopita, kikundi cha wapenzi wa magari kilipoandaa mzunguko wa siku mbili kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Mnazi Mmoja na Mtama, na kurudi kwa njia ya Newala na Tandahimba. Kila kipande cha njia kilipangiwa mwendo wa wastani, na waamuzi walikaa mahali tusipopajua wakiwa na saa zao. Sekunde moja ya kuchelewa ilikuwa pointi moja ya adhabu, na sekunde moja ya kuwahi ilikuwa pointi mbili, kwa hiyo mwenye haraka aliumia zaidi.

Wenzetu wa Ulaya wana Monte Carlo, mashindano ya majira ya baridi yaliyoanza mwaka 1911, ambako dereva hupambana na theluji na barafu. Baridi yetu ni kipupwe, na kipupwe cha Kusini kina ukungu wa alfajiri, vumbi la mchana na mchanga. Mjomba alipenda kunikumbusha Safari Rally ya mwaka 1973, ambayo Shekhar Mehta alishinda ingawa yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi za adhabu zilizolingana. Alinisimulia habari hiyo ili nisidharau hata sekunde moja.

Jambo lililotutatiza kabla ya yote lilikuwa la heshima. Mjomba angeendesha, nami ningekuwa msoma njia, ambaye kazi yake ni kuamuru: punguza, ongeza, kata kushoto, simama. Mimi ningemwamuruje mtu ambaye namwamkia shikamoo kila asubuhi, na aliyenifundisha kushika usukani? Nilimweleza shida yangu jioni ya kuamkia safari. Akajibu, "Mwanangu, mlango ukishafungwa wewe ndiye msemaji. Tukishuka, nirudishie ujomba wangu." Ninaamini maneno hayo yalitusaidia kuliko kifaa chochote tulichobeba, ingawa siku ya kwanza sikuwa na ujasiri wa kuyatumia.

Waandaaji walikuwa wametupimia kilomita 10 kamili kuelekea Mikindani ili kila gari lilinganishe mita yake ya umbali na kipimo chao. Tulipofika kwenye alama, mita yetu ilisoma 10.4. Niliandika namba hiyo pembeni mwa kitabu cha njia, kisha nikaipuuza, nikidhani kwamba tofauti ndogo kama hiyo haiwezi kudhuru. Mwendo ulikuwa kilomita 60 kwa saa, yaani kilomita moja kwa dakika moja, hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tano angeiweza. Baada ya kilomita 100 tulikuwa nyuma kwa dakika 4, nami nikashindwa kuona sababu. Nilimhimiza mjomba aongeze mwendo. Akanionyesha kwamba mshale wa mwendo haukuwa umeshuka chini ya 60. Tukanyamaza wote wawili, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Baada ya kituo cha Mtama, kitabu kilisema tukate kushoto penye mwembe mkubwa kwenye kilomita 31.2. Mita ilipofika 31.2 mwembe ulikuwepo, tukakata kushoto, na njia ikatuingiza katikati ya mikorosho hadi ikaishia uani kwa mzee mmoja aliyetupokea kwa ukarimu na kutuelekeza tulikotoka. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. 31.2 ukigawa kwa 1.04, kiasi ambacho mita yetu ilizidisha, unapata 30 kamili. Tulikuwa tumekata kilomita moja na robo hivi kabla ya mwembe wenyewe. Matairi tuliyofunga yalikuwa na kipenyo kidogo kuliko yale ya kiwandani, hivyo yalizunguka mara nyingi zaidi na kuidanganya mita, pamoja na mshale wa mwendo. Mjomba hakuwa na kosa lolote, na nilimwomba radhi palepale. Upotevu ule ulitugharimu dakika 9.

Usiku huo, Masasi, sikulala mapema. Nilichora jedwali: kwa mwendo wa 40, kilomita moja ni sekunde 90, kwa 45 ni 80, kwa 48 ni 75, kwa 50 ni 72. Pembeni niliandika mshale wetu usome ngapi ili mwendo wa kweli uwe ule unaotakiwa, kwa mfano 52 badala ya 50. Nikalibandika kwenye dashibodi.

Asubuhi tulipanda kuelekea Newala katika ukungu mzito. Kioo kilififia kwa ndani mpaka tukafungua madirisha yote mawili na kuvumilia baridi. Hapo ujuzi wa mjomba ulionekana: taa za chini, gia ndogo, mguu mtulivu, nami nikimsomea kona moja baada ya nyingine kwa sauti isiyopanda. Tulifika kituo cha Newala tukiwa tumechelewa sekunde 5.

Mbele ya Tandahimba tulikuta mchepuko wenye mchanga mwingi, na magari mawili yaliyotutangulia yalikuwa yamezama hadi kwenye ekseli. Mjomba alisimama kabla ya kuingia, akashuka kupunguza upepo wa matairi yote manne kutoka 32 hadi 20. Moyo wangu ulitamani kumwambia twende, lakini katika mambo ya mchanga yeye ndiye mwalimu. Tulipita bila kusukumwa na mtu, tukiwa nyuma kwa dakika 4.

Zamani angekanyaga mafuta. Nilimwonyesha hesabu: zilibaki kilomita 30 hadi kituo, na kwa mwendo uliopangwa wa 45 zingechukua dakika 40; kwa 50 zingechukua 36. Tofauti ya kilomita 5 tu kwa saa ingelipa deni lote bila kuvunja sheria ya mwendo vijijini. Kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo hubonyea na kuzidisha udanganyifu wa mita, nilisahihisha hesabu katika kila njia panda iliyokuwemo kitabuni. "Ongeza kidogo, mjomba. Bakia hapo hapo." Akatii kila neno. Tulivuka mstari tukiwa tumechelewa sekunde 9.

Siku ya kwanza tulikusanya pointi 812 za adhabu. Siku ya pili, 71. Tulimaliza katika nafasi ya 9 kati ya magari 14. Jumatatu yake mjomba alinipitia shuleni baada ya vipindi, tukaenda pamoja kwa fundi kuagiza matairi manne ya kipimo cha kiwandani.