Dua ya Safari

Jana asubuhi, ndani ya treni iliyokuwa ikiondoka stesheni ya Miritini, nilimziba mwanangu mdomo kwa kiganja changu kwa sababu alikuwa akisoma dua kwa sauti. Nimeiandika sentensi hiyo kwanza, kwani nikiichelewesha nitaanza kutafuta maneno ya kuilainisha.

Ana miaka saba. Mwaka huu ustadhi wao wa chuoni, yaani madrasa, amewafundisha dua ya kupanda chombo, ile inayomtakasa Mwenyezi Mungu aliyetutiishia kipando ambacho wenyewe tusingekimudu, naye amekuwa akiisoma kila anapopanda tuktuk, baiskeli ya jirani, na hata mgongo wa babake. Tulikuwa tumekwisha kupita ukaguzi ambao kila msafiri wa treni ya Nairobi anaujua: mizigo ikapangwa chini kwa mstari, wenyewe tukasimama kando, mbwa akapitishwa akinusa begi moja baada ya jingine. Tulipoketi na treni ikaanza kusogea, alianza "Subhanalladhi sakhara lana hadha" kwa ile sauti kali ya watoto wa chuo, waliozoeshwa kusoma kwa pamoja. Mkono wangu ulifika mdomoni mwake kabla sijajua kwamba nimeuinua. Mzee aliyekaa mbele yetu alikuwa akisoma gazeti, wala hakuinua kichwa. Hakuna aliyegeuka. Mwanangu aliniangalia akauliza, "Kwani nimekosea, Mama?" Nikamwambia kuna watu wamelala, na ilikuwa saa mbili asubuhi.

Mkono huo ulijifunza kazi yake mwaka 2015. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Nairobi, nikiishi chumba kimoja na msichana wa Kitui ambaye tuliazimana sufuria, madaftari na hata viatu. Tarehe 2 Aprili al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika letu, baada ya kuwatenganisha Waislamu na Wakristo. Mmoja wa waliouawa alikuwa binamu wa mwenzangu. Nilikaa kitandani pake usiku kucha nikiwa nimemshika mkono, na alfajiri akaniambia kwa upole, "Wewe mimi sikulaumu." Alilisema neno hilo kwa mapenzi, tena katika saa ambayo hakuwa na deni lolote la kumfariji mtu mwingine, na mpaka leo ni rafiki yangu. Lakini lilinikata, kwa kuwa halikuwahi kunipitikia akilini kwamba palikuwa na shauri la kunilaumu au kutonilaumu, na kuanzia asubuhi ile nikajua kwamba shauri hilo lipo katika kila chumba ninachoingia.

Wiki mbili baadaye nilipanda basi la kurudi Mombasa. Nilisoma dua ile ile kwa midomo tu, na mama aliyekaa kando yangu akambeba mtoto wake akahamia viti vya nyuma. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Novemba ya mwaka uliotangulia, huko Mandera, abiria 28 walishushwa kutoka basi moja na kuuawa, na walichotakiwa kufanya ili wajulikane ni Waislamu ni kutamka shahada, tamko la imani ya Kiislamu. Aliyesikia habari hiyo, kisha akasikia Kiarabu kikinong'onwa karibu na sikio lake ndani ya basi, ana haki ya kuogopa. Kinachoniuma ni kwamba maneno yale yaliyogeuzwa kuwa mtihani wa kuua ndiyo maneno ambayo nyanya yangu alifariki akiyatamka, na ambayo babangu aliniadhinia sikioni siku niliyozaliwa.

Baba naye alilipa kwa njia yake. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Bamburi kwa miaka mingi, mtu wa kuamka kabla ya adhana ili awahi zamu ya kiamshakinywa. Mei 2014, baada ya mashambulizi kufuatana, Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa, na kampuni za utalii zikawarudisha watalii kwao kwa ndege kabla likizo zao kwisha. Hoteli ikafunga sehemu kubwa ya vyumba vyake, na baba akarudi nyumbani na makoti yake meupe ya jikoni ndani ya mfuko wa plastiki. Karo yangu ya chuo kikuu ilitoka kwenye bangili za mama.

Hata hivyo, hayo ya nje nayastahimili kuliko yaliyoingia ndani ya nyumba yetu, na kuhusu haya sijawahi kuandika. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na sita alipoanza kuja na sidii za mawaidha kutoka kwa vijana wenzake. Kwanza aliacha kula pilau ya maulidi. Baadaye akamwambia nyanya, aliyekuwa amesimama mlangoni na chetezo cha ubani mkononi akingoja wageni wa hitima, kwamba anayoyafanya ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na kwamba kila bidaa mwisho wake ni motoni. Nyanya alikuwa amesoma Barzanji, kitabu cha maulidi, tangu utotoni, na kila mwaka alipojaliwa nauli alikwenda Lamu kwenye maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, akirudi na halwa na sauti iliyokauka kwa kuitikia kasida. Hakumjibu mjukuu wake. Aliingia chumbani na chetezo chake, na hitima ikasomwa bila yeye.

Mama akawa na hofu mbili juu ya mtoto mmoja. Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti Musa, Majengo, wakakamata vijana wengi, na katika miaka ile palikuwa na vijana waliovuka kwenda Somalia na wengine waliochukuliwa na watu wasiojulikana, na mama zao hawakujua wawaulize nani. Kila usiku alifungua mlango wa chumba cha mdogo wangu kuhakikisha kwamba yumo, na nikiwa nyumbani wakati wa likizo nilimsikia akifanya hivyo mara mbili, mara tatu. Siku moja alimwomba anyoe ndevu. Alimwomba kwa machozi, mwanamke yule yule aliyetufundisha kwamba ndevu ni sunna. Mdogo wangu hakwenda popote. Leo ana duka la vipuri vya pikipiki na watoto wawili, na hula pilau ya maulidi kama sisi sote, lakini nyanya aliaga dunia mwaka 2016 na hapakuwa tena na wakati wa kumwomba radhi, na hilo yeye mwenyewe hulitaja kila Ramadhani.

Mama ndiye aliyenipigia simu Desemba 2015 kunipa habari za basi la karibu na El Wak. Washambuliaji walilisimamisha wakawaamuru Waislamu wajitenge, na abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa mitandio wenzao Wakristo ili wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na akafariki Januari iliyofuata. Mama alilia kwenye simu, na nilijua kwamba analilia jambo ambalo alikuwa akilingoja kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo nimeisimulia habari ya mwalimu yule kwa majirani, kwa wafanyakazi wenzangu, kwa abiria nisiowajua. Niliisimulia mara nyingi mno, hadi nilipotambua kwamba ninamtoa marehemu mfukoni kama mtu anayetoa kitambulisho kizuizini. Alikufa akiwakinga watu, nami ninamtumia kujikinga mimi.

Nina jambo jingine zito zaidi. Tarehe 15 Januari 2019, wakati hoteli ya DusitD2 ya hapa Nairobi iliposhambuliwa, nilikuwa pamoja na walimu wenzangu mbele ya televisheni, moshi ukiwa unaonekana na milio ya risasi ikisikika. Ombi la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa hili: Ya Rabi, wasiwe Waislamu. Watu walikuwa wamejificha chini ya meza wakati huo, na 21 hawakutoka hai, nami nilianza kwa kuwaombea wauaji wawe na jina lisilofanana na la babangu. Huo ndio uharibifu ambao hauonekani katika taarifa za habari. Waliniachia maisha yangu, kazi yangu na watoto wangu, lakini waliusogeza moyo wangu mahali ambapo msiba wa wengine unanifikia baada ya hofu yangu mwenyewe.

Leo asubuhi, hapa kwa wifi yangu South C, tuliandaliwa mahamri na mbaazi. Mwanangu alikaa mezani, akainua kiganja chake, akajiziba mdomo, kisha nyuma ya vidole vyake akasema "Bismillahi" kwa mnong'ono. Alipomaliza aliniangalia, kama anavyomwangalia ustadhi wake akishamaliza kusoma aya, kuona kama amefanya vizuri. Wifi alidhani ni mchezo, akacheka na kumbusu utosini.

Tunarudi Mombasa Jumapili alasiri. Sasa ni usiku, wenyeji wamelala, na nimekuwa nikijaribu kuisoma ile dua peke yangu hapa jikoni kwa sauti ambayo mtu wa kiti cha pili angeweza kuisikia. Nimeirudia mara nne, na mara zote nne, kabla ya kufika mwisho wake, nimegeuka kutazama kama dirisha liko wazi.